Jimbo la Washington: ajira juu, ukosefu wa ajira juu, mshahara juu. Niamini namba ipi?

msomahesabu ameandika:

Wakuu, salaam.

Naandaa taarifa ya robo mwaka kuhusu uchumi wa jimbo la Washington, lile la Seattle na Spokane kule pwani ya Pasifiki, si jiji la Ikulu. Vipengele ni vitatu: ajira, ukuaji wa biashara na mwenendo wa mishahara. Tatizo ni kwamba kila jedwali linasema lake. Mwezi uleule idadi ya ajira imepanda na kiwango cha ukosefu wa ajira nacho kimepanda. Mshahara wa wastani unapaa, lakini wenye hoteli na migahawa wanasema hawajaongeza senti zaidi ya ile sheria inayodai. Maombi ya kufungua biashara ni mengi, ila ajira za hizo biashara mpya sizioni. Ukifika Machi, namba za mwaka mzima uliopita zinabadilishwa na grafu zote zinakuwa za kutupa.

Anayezijua takwimu hizi kwa undani anisaidie: ipi inahesabu nini, ipi ikae ukurasa wa kwanza, na wapi watu huwa wanaumbuka. Nadharia ya uchumi ninayo, rukeni moja kwa moja kwenye namba.

---

Bi_Takwimu amejibu:

Mkuu, hizo namba mbili za kwanza hazigombani. Moja inahesabu nafasi za kazi, nyingine inahesabu watu.

Idadi ya ajira inatoka kwenye dodoso la waajiri liitwalo CES, linaloendeshwa na Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani, BLS, kwa kushirikiana na majimbo. Waajiri zaidi ya 100,000 nchi nzima wanaulizwa swali moja la msingi: katika kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi, watu wangapi walikuwa kwenye orodha yenu ya mishahara? Mwenye kazi mbili anahesabiwa mara mbili. Aliyejiajiri hahesabiwi kabisa. Mashamba nayo hayamo, na kwa Washington hilo si dogo: mavuno ya cheri ya Juni na Julai, kisha matufaha ya Agosti hadi Oktoba kule Yakima na Wenatchee, hayaonekani hapo. Ukiandika "ajira Yakima zimedorora msimu wa mavuno" kwa kutumia CES, umejichongea.

Kiwango cha ukosefu wa ajira kinaanzia kwenye dodoso la kaya, takriban kaya 60,000 kwa nchi nzima. Ukizigawa kwa majimbo 50, fungu la Washington ni dogo mno kutoa kiwango cha kila mwezi peke yake. Kwa hiyo kiwango cha jimbo, kinachoitwa LAUS, ni makadirio ya modeli: inachanganya majibu ya kaya, mwenendo wa CES na idadi ya watu wanaodai bima ya ukosefu wa ajira, halafu inalainisha mikwaruzo. Ndiyo maana kinatembea polepole na kinarekebishwa kila mwaka.

Namba zote mbili zinaweza kupanda pamoja bila muujiza wowote. Chukua nguvukazi, yaani walio na kazi pamoja na wanaoitafuta, ya watu 1,000, wasio na kazi 45: kiwango ni asilimia 4.5. Wakiingia watu 20 wapya kutafuta kazi, 12 wakaipata na 8 wakabaki wanatafuta, sasa una watu 53 wasio na kazi kati ya 1,020, yaani asilimia 5.2. Ajira zimeongezeka 12 na kiwango kimepanda. Jimbo linalovuta wahamiaji kutoka majimbo mengine hukutana na hali hii mara kwa mara. Kwa hiyo usikitaje kiwango bila kutaja pembeni nguvukazi imeongezeka au imepungua. Kiwango kinaweza hata kushuka kwa sababu watu wamekata tamaa wakaacha kutafuta.

Tofauti ya tatu ni mahali. CES inahesabu kazi pale kituo cha kazi kilipo, dodoso la kaya linamhesabu mtu pale anapolala. Kaunti ya Clark, penye mji wa Vancouver, iko ng'ambo ya mto tu kutoka Portland, Oregon. Anayelala Vancouver na kufanya kazi Portland ni mwajiriwa wa Washington kwenye namba moja na wa Oregon kwenye nyingine. Ukigawanya ajira za CES kwa nguvukazi ya kaya pale Clark, unapata uwiano usio na maana yoyote.

Sasa kelele za sampuli. Hata kwa nchi nzima, badiliko la ajira la mwezi mmoja lina upana wa takriban 130,000 juu au chini kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 90. Kwa jimbo, BLS hutoa jedwali linaloonyesha mabadiliko yapi ni makubwa kitakwimu na yapi yanaweza kuwa bahati ya sampuli tu. Badiliko lisilomo kwenye jedwali hilo liandike "hakuna badiliko kubwa", hata kama lina alama ya kujumlisha mbele yake. Chukua wastani wa miezi mitatu, na uweke pembeni badiliko la miezi 12.

Mfano wa kuumbuka ni Oktoba 2024. Mafundi mitambo wa Boeing, takriban 33,000, wengi wao wakiwa Washington, waligoma kuanzia Septemba 13 na wakakubali mkataba Novemba 4. Angalia tarehe. Mgomo ulianza siku moja baada ya tarehe 12, kwa hiyo Septemba haikuguswa, maana walikuwa wamelipwa kwa sehemu ya kipindi. Oktoba hawakulipwa kipindi kizima, wakaondoka kwenye hesabu ya CES. Novemba wakarudi, na sekta ya ndege ikaonekana kama imeajiri maelfu kwa mwezi mmoja. Kwenye dodoso la kaya watu haohao walibaki kuhesabiwa wameajiriwa, kwa sababu mgomaji ana kazi, ila hayupo kazini. Anayechora grafu ya Washington ya mwaka huo bila maelezo chini yake anamdanganya msomaji mara mbili, Oktoba na Novemba.

Jambo la kukumbuka kama unachora kiwango cha mwezi kwa mwezi: serikali kuu ilifungwa kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, na kaya hazikuhojiwa kwa Oktoba. Kiwango cha taifa cha mwezi huo hakipo. Usikijaze kwa kuunganisha Septemba na Novemba kwa mstari, acha pengo lionekane.

Kuhusu Machi: CES ni sampuli, kwa hiyo mara moja kwa mwaka inasahihishwa kwa kuilinganisha na hesabu karibu kamili ya waajiri wote, QCEW, inayotokana na fomu za kodi ya bima ya ukosefu wa ajira. QCEW inafunika zaidi ya asilimia 95 ya ajira za Marekani. Tofauti si ya kubezwa: kwa Machi 2024, makadirio ya awali ya marekebisho ya taifa yalikuwa kupunguza ajira 818,000, na marekebisho ya mwisho yakapunguza 589,000 baada ya kuondoa athari za msimu. Idara ya Usalama wa Ajira ya Washington, ESD, haisubiri mwaka. Ina mfululizo wake unaorekebishwa kila robo mwaka, unaitwa WA-QB. Utumie huo kwa uchambuzi wa ndani ya jimbo, lakini ukilinganisha Washington na Oregon au Idaho rudi kwenye mfululizo rasmi wa BLS, kwa sababu wenzao hawarekebishi kwa mtindo huo. Usiiunganishe miwili kwenye grafu moja. Pale inapoungana utaona kipandio ambacho hakikutokea kwenye uchumi.

---

daftari_la_mishahara amejibu:

Bi_Takwimu kamaliza upande wa ajira. Mimi nishike mishahara, maana ndiko uongo mwingi usiokusudiwa hutokea.

Anza na hili: wastani hubadilika kwa njia mbili. Watu wanaweza kulipwa zaidi, au watu wanaolipwa kidogo wanaweza kuondoka. Mfano wa kubuni: wafanyakazi 100, 40 wako hotelini kwa dola 18 kwa saa, 60 ni wa programu za kompyuta kwa dola 60. Wastani ni dola 43.20. Hoteli ikipunguza watu 20, wastani wa waliobaki 80 ni dola 49.50. Mshahara "umepanda" asilimia 14.6, na hakuna hata mmoja aliyeongezewa.

Hilo lilitokea kweli Aprili 2020. Wastani wa malipo kwa saa wa taifa uliruka kwa asilimia 4.7 ndani ya mwezi mmoja, mwezi ambao ajira zaidi ya milioni 20 zilipotea. Kwa Washington, mshahara wa wastani wa mwaka 2020 ulipanda asilimia 10.1 hadi dola 76,741, na wahudumu wa migahawa walikuwa nyumbani. Wenye hoteli wako, mkuu, huenda wanasema kweli kabisa na jedwali lako nalo likawa sahihi kabisa.

Jimbo hili lina silaha ambayo wengi hawana. Mwajiri wa Washington anapowasilisha taarifa ya robo mwaka kwa ESD anaandika mshahara wa kila mfanyakazi na pia saa alizofanya kazi, kwa sababu sifa ya kupata bima ya ukosefu wa ajira ni kuwa umefanya kazi angalau saa 680 katika mwaka wa msingi. Majimbo machache tu yanadai saa. Matokeo yake ESD inaweza kutoa mediani ya malipo kwa saa kutoka kumbukumbu za waajiri wenyewe, si kwa dodoso. Mediani ni yule wa katikati ukiwapanga wote kuanzia wa chini hadi wa juu. Mtu mmoja wa Redmond, kwenye makao ya Microsoft, akipokea hisa za mamilioni, mediani haitikisiki. Wastani unatikisika sana. Kwa taarifa ya mishahara ya Washington, hiyo ndiyo namba ya ukurasa wa kwanza.

Ukitaka kaunti kwa kaunti na sekta kwa sekta, nenda QCEW, ila ujue inavyopigwa. Mshahara wa wiki wa wastani ni jumla ya mishahara ya robo mwaka, gawanya kwa wastani wa ajira za miezi mitatu, gawanya kwa 13. Mfano: mishahara dola milioni 195, ajira 9,900, kisha 10,000, kisha 10,100. Wastani 10,000. Kila mmoja dola 19,500 kwa robo, yaani dola 1,500 kwa wiki. Namba haijui kama mtu alifanya kazi saa 15 au 50 kwa wiki. Sekta ya hoteli na vyakula inaonekana ya kusikitisha kuliko ilivyo kwa sababu wengi ni wa muda, na mwenye kazi mbili anagawanywa vipande viwili.

Mitego ya QCEW, kwa mpangilio wa madhara:

Hisa na bonasi zimo ndani. Kaunti ya King, penye Seattle, sekta ya habari, yaani watunga programu: bei ya hisa ikipanda, hisa zinazokabidhiwa kwa wafanyakazi robo hiyo zinaingia kama mshahara. Ukiandika "mishahara ya King imeongezeka", sehemu ya hilo ni soko la hisa tu. Robo ya kwanza hubeba bonasi, ndiyo maana usilinganishe robo ya kwanza na ya nne iliyotangulia.

Siku za malipo. Anayelipwa kila wiki mbili ana malipo 26 kwa mwaka. Hayagawanyiki sawa kwa robo nne: mbili zinapata 6 na mbili zinapata 7. Kampuni kubwa yenye ratiba hiyo inaweza kuinua mshahara wa wiki wa kaunti ndogo kwa asilimia kadhaa bila kumwongezea mtu chochote. Linganisha robo na robo ileile ya mwaka jana, na hata hapo chungulia kalenda.

Na data zilizofichwa. Waajiri wakiwa wachache, au mmoja akitawala sekta katika kaunti, namba inazuiwa ili asijulikane. Usizisome kama sifuri. Nimeona jedwali linalosema kaunti fulani haina kiwanda, na kiwanda ndicho mwajiri mkubwa wa pale!

Wastani wa malipo kwa saa unaotoka CES kwa jimbo ni wa haraka, unatoka kila mwezi, lakini unarukaruka na haujaondolewa athari za msimu. Bonasi za mara moja moja hazimo. Utumie kwa mwelekeo wa miezi 12 tu. Lile dodoso la mishahara kwa kazi, OEWS, lenye mediani ya muuguzi, fundi umeme na kadhalika, ni zuri kwa swali "kazi hii inalipa kiasi gani", ila halifai kupima ongezeko la mwaka hadi mwaka. Linachanganya sampuli za miaka mitatu ndani ya makadirio mamoja, kwa hiyo toleo la mwaka huu na la mwaka jana yanashiriki sehemu kubwa ya data zilezile.

---

msomahesabu ameandika:

Asanteni sana, hii ya siku za malipo sikuiwaza kabisa. Maswali mawili: kima cha chini cha mshahara kinaingiaje kwenye mwenendo? Na biashara mpya nizihesabu kwa kipi?

---

daftari_la_mishahara amejibu:

Kima cha chini cha Washington kinafuata bei. Wizara ya Kazi na Viwanda ya jimbo inaangalia fahirisi ya bei ya wafanyakazi wa mijini, Agosti hadi Agosti, inatangaza mwishoni mwa Septemba, kinaanza Januari 1. Kilikuwa dola 16.28 mwaka 2024, dola 16.66 mwaka 2025, dola 17.13 mwaka 2026. Seattle na miji kadhaa ina kima chake cha juu zaidi. Bakshishi haipunguzi kima, mhudumu analipwa kamili na bakshishi ni juu yake.

Kwa hiyo kila Januari utaona kipandio kwenye sekta za malipo ya chini. Hicho ni ratiba, si ushindani wa kutafuta wafanyakazi. Mbinu rahisi: toa ongezeko la kima kutoka ongezeko la malipo ya sekta. Mwaka 2025 kima kilipanda asilimia 2.3; kama hoteli na migahawa zimepanda asilimia 2.5, soko lenyewe halijasukuma kitu.

Kuna sehemu watu wanasahau. Kiwango cha mshahara cha kumtoa mfanyakazi wa ofisi kwenye malipo ya saa za ziada kimefungwa kwenye kima cha chini. Mwaka 2025 kilikuwa mara 2 ya kima kwa mwajiri wa watu 50 au pungufu, yaani dola 69,305.60 kwa mwaka, na mara 2.25 kwa mwajiri wa zaidi ya 50, dola 77,968.80. Kima kikisogea senti 38, mameneja wa chini nao wanasogezwa juu, au wanarudishwa kwenye malipo ya saa. Ukiona mishahara ya usimamizi kwenye rejareja imepanda Januari, tazama hapo kabla ya kusema kuna uhaba wa mameneja.

Mpakani mwa mashariki utapata picha safi zaidi. Idaho inatumia kima cha serikali kuu, dola 7.25, ambacho hakijasogea tangu Julai 24, 2009. Spokane na Coeur d'Alene ya Idaho ziko mwendo mfupi wa gari. Lakini usikimbilie kuhitimisha kwa kima peke yake. Waajiri wengi wa Idaho hulipa zaidi ya dola 7.25 kwa sababu hawatampata mtu kwa bei hiyo.

---

kalamu_nyekundu amejibu:

Mimi nachukua biashara, na nina ugomvi mdogo na waliotangulia.

Maombi ya biashara unayoyaona ni ya Ofisi ya Sensa, na yanahesabu maombi ya namba ya utambulisho wa mwajiri kwa mamlaka ya kodi. Ombi si biashara. Mtu anachukua namba afungue akaunti ya benki, apangishe nyumba, auze vitu mtandaoni jioni. Wengi hawataajiri mtu kamwe. Ndani ya takwimu hizo kuna fungu la maombi yenye uwezekano mkubwa wa kuajiri: kampuni zilizosajiliwa kama shirika, wanaosema wananunua biashara iliyopo au wanaajiri, waliotaja tarehe ya kulipa mshahara wa kwanza, na sekta kama malazi na vyakula. Humo ndani kuna fungu dogo zaidi, la waliotaja tarehe ya mshahara wa kwanza. Tumia hilo dogo kama dalili, na uipe muda wa miezi kadhaa kabla ya kutafuta ajira zake. Maombi yaliruka katikati ya 2020 nchi nzima na hayakurudi kwenye kiwango cha zamani, kwa hiyo kulinganisha na 2019 kutakupa asilimia za kushangaza zisizo na maana kwa ajira za leo.

Biashara halisi zisake kwenye Business Employment Dynamics ya BLS, yaani QCEW iliyounganishwa robo kwa robo kwa kila kituo, maana yake kila mahali pa biashara. Inatoa ajira zilizoongezwa na vituo vilivyofunguliwa na vilivyopanuka, na zilizopotea kwa vilivyofungwa na vilivyopungua. Ukuaji wa ajira 5,000 unaweza kuwa 100,000 zilizozaliwa na 95,000 zilizokufa, au 20,000 na 15,000. Uchumi mmoja unachemka, mwingine umeganda, na namba ya jumla ni ileile. Kwa Marekani nzima, takriban kituo kimoja kati ya vitano hufungwa ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu nusu hawafiki mwaka wa tano. Ukihesabu vilivyofunguliwa tu utatangaza ustawi kila robo.

Ugomvi wangu: mnaifanya QCEW kama msahafu. Idadi ya vituo ndani yake ina uchafu wake. Kampuni ya jimbo jingine ikiwa na mfanyakazi mmoja anayefanya kazi kutoka nyumbani kwake Bellingham, inafungua akaunti ya bima Washington, na hapo kuna kituo kipya cha mtu mmoja. Gawanya ajira kwa vituo uone ukubwa wa wastani; ukishuka huku ajira zikipanda, si lazima wajasiriamali wadogo wamefurika, inawezekana ni sebule za watu.

Halafu misimbo ya sekta. Mfumo wa uainishaji wa sekta wa mwaka 2022 uliifuta sekta nzima ya wauzaji wasio na duka, na wauzaji wa mtandaoni wakagawanywa kwa aina ya bidhaa wanazouza. Kwa jimbo lenye wauzaji wakubwa wa mtandaoni kama hili, ukivuta mfululizo wa rejareja kuvuka 2022 utapata miteremko na vilima vya karatasi tu. California ilionyesha jambo hili mwaka 2013: wasaidizi wa nyumbani wa wazee na walemavu walihamishwa kutoka msimbo wa kaya binafsi kwenda huduma za jamii, sekta moja ikaporomoka, nyingine ikalipuka, na hakuna aliyebadilisha kazi. Kabla ya kuandika "sekta X imekua", angalia kama sekta jirani imepungua kwa kiasi kilekile robo ileile. Ikiwa hivyo, piga simu ESD uulize kama kuna mwajiri aliyebadilishiwa msimbo.

Kitu cha Washington ambacho wachambuzi wengi wa nje hawakijui: jimbo halitozi kodi ya mapato ya mshahara, linatoza kodi ya mauzo na kodi ya biashara kwa mapato ghafi. Kwa hiyo Idara ya Mapato ya jimbo ina mapato ghafi ya biashara kwa sekta na mauzo ya rejareja yanayotozwa kodi kwa kaunti na mji, kila robo mwaka. Hicho ni kipimo cha ukuaji wa biashara kinachoonyesha pesa ikiingia, hata kwa mtu mmoja asiye na mwajiriwa. Mambo mawili: tangu Julai 2008 mauzo yanahesabiwa pale bidhaa inapopokelewa, si pale duka lilipo; na namba haijaondolewa mfumuko wa bei. Kaunti ya Clark itaonekana dhaifu siku zote, kwa kuwa Oregon haina kodi ya mauzo na watu wanavuka mto kununua vitu vikubwa.

---

Bi_Takwimu amejibu:

Kalamu, sikusema msahafu, nilisema karibu kamili. Nakubali kuhusu vituo na misimbo. Kwa jumla ya ajira na mishahara ya jimbo lote hakuna kinachoikaribia, kwa sababu kuhama msimbo hakubadilishi jumla. Makosa yanazidi kadiri unavyokata vipande vidogo: jimbo ni imara, kaunti inahitaji uangalifu, sekta ndogo ndani ya kaunti ndogo ni ya kuchunguzwa mwajiri kwa mwajiri.

Udhaifu wake mkubwa ni uchelewaji. Inatoka takriban miezi mitano hadi sita baada ya robo kwisha. Kwa hiyo kwa miezi ya karibuni, mkuu, weka CES, na dalili za haraka mbili. Ya kwanza ni madai mapya ya bima ya ukosefu wa ajira, yanatoka kila Alhamisi kwa kila jimbo. Chukua wastani wa wiki nne, na uwe mwangalifu na wiki zenye sikukuu. Ya pili ni notisi za kupunguza wafanyakazi. Sheria ya taifa inawabana waajiri wa watu 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60, na Washington imeongeza sheria yake tangu Julai 27, 2025 inayoshusha hadi waajiri wa watu 50. ESD inachapisha orodha. Kwa sababu ya sheria hiyo mpya, usilinganishe idadi ya notisi za kabla na baada ya tarehe hiyo. Wigo umepanuka, si lazima balaa limeongezeka.

Notisi haina idadi ya waliobaki, na tangazo la kampuni si notisi. Oktoba 2024 Boeing ilitangaza kupunguza asilimia 10 ya wafanyakazi, takriban 17,000. Hiyo ni kampuni nzima, dunia nzima. Wapo walioiandika kama hasara ya Washington.

---

msomahesabu ameandika:

La mwisho: nataka kuonyesha mshahara halisi baada ya mfumuko wa bei kwa Seattle, Spokane na Yakima. Fahirisi ya bei ya jimbo siioni popote.

---

daftari_la_mishahara amejibu:

Huioni kwa sababu haipo. BLS haitoi fahirisi ya bei ya jimbo lolote. Kwa eneo la Seattle, Tacoma na Bellevue ipo, inatoka kila miezi miwili, miezi ya namba shufwa: Februari, Aprili, Juni na kuendelea. Mshahara wa robo ya kwanza una mwezi mmoja tu wa bei ndani yake, Februari, kwa hiyo tumia mabadiliko ya mwaka mzima, si ya robo.

Spokane na Yakima hazina fahirisi yao. Usiwawekee ya Seattle, pango la nyumba la Seattle lina uzito wake wa peke yake. Chukua fahirisi ya ukanda wa Magharibi kwa miji yenye watu milioni 2.5 au pungufu, na uandike hivyo chini ya jedwali. Kulinganisha ughali kati ya mahali na mahali ni kazi nyingine, tumia uwiano wa bei wa mikoa wa Idara ya Uchambuzi wa Uchumi, BEA. Huo unasema nani ghali kuliko nani kwa mwaka fulani, haupimi mfumuko.

Na ukigawa, gawa kweli. Mshahara ukipanda asilimia 8 na bei asilimia 6, ongezeko halisi ni 1.08 kugawanya kwa 1.06, asilimia 1.9. Kutoa moja kwa nyingine kunakubalika namba zikiwa ndogo. Kwa miaka mitano iliyojumlishwa utakosea kwa asilimia kadhaa.

---

kalamu_nyekundu amejibu:

Yakima ukiipigia hesabu ya mshahara, hakikisha umeingiza sekta ya kilimo kutoka QCEW, msimbo 11. Ukiiacha umeondoa mwajiri mkuu wa bonde zima. Na utumie robo ya tatu dhidi ya robo ya tatu, maana hapo ndipo wachumaji wanapoijaza orodha ya mishahara na kuuvuta wastani chini.